Pole kwa Mama Evarista

Idodi, Iringa
14 Februari 1954

Kwa mama yangu Tusajigwe,

Ugonile, mama. Nimefika salama. Najua Mzee Jailos ndiye anayekusomea, basi naye namsalimu, na ninamwomba asome taratibu maana wewe hupenda kurudiwa.

Basi la kampuni ya reli lilitushusha Iringa mjini, na kutoka hapo nikapata lori lililokuja huku na chumvi na mabati. Nchi hii ni tambarare, mama. Mtu akija unamwona angali mdogo kama kidole. Unafua nguo, unaanika, ndipo anafika.

Mwambie baba mdogo Andendekisye kwamba nyumba ya mwalimu ni nzuri. Ina sakafu ya saruji na dirisha la kioo linalotazama mto. Wasichana walioandikishwa ni kumi na wanane, na wote wanakuja. Yeye alisema mwanamke akipelekwa mbali kufundisha atalia na kurudi kuolewa. Mwambie sijalia.

Nimepata na jirani. Ni mama wa Kihehe, mjane kama wewe, jina lake Evarista. Asubuhi ya kwanza alinibishia hodi na kibuyu cha maziwa. Nyumba yake iko juu ya kilima kidogo, na kukipambazuka ukungu unaifunika yote, linabaki paa tu, kama kofia ya mtu aliyesinzia. Akitembea ndani ya ukungu ule naisikia rozari yake kabla sijamwona mwenyewe.

Usiwe na wasiwasi juu yangu.

Ni mimi mwanao,
Atuganile


Masoko, Tukuyu
20 Machi 1954

Kwa mwanangu Atuganile,

Mimi mama yako nasema na Jailos anaandika. Nimemwambia asiongeze maneno ya kanisani, aandike yangu tu.

Tumepata barua. Andendekisye aliposikia dirisha la kioo alikohoa, akaomba maji ya kunywa. Nilifurahi. Siku nilipomkatalia yule mchumba aliyekuletea, watu walisema nimekupoteza kwa mkono wangu mwenyewe. Sasa nakaa mbele kanisani.

Huyo Evarista ni mnene au mwembamba? Maziwa anakupa bure? Mume wake alikufa kwa nini? Jirani yetu Yudith ameuliza kama ana watoto. Nikamwambia mwanangu hakuandika. Andika.

Migomba imezaa. Mguu wangu unauma kukiwa na baridi tu.

Ni mimi mama yako,
Tusajigwe
Kwa mkono wa Jailos


Idodi, Iringa
2 Juni 1954

Mama yangu,

Mama Evarista ni mwembamba na mrefu, na anapotembea huinamisha kichwa kidogo kama anayepita mlangoni, hata akiwa uwanjani. Nilimwita mjane, lakini mumewe hakufa. Alikwenda Chunya kuchimba dhahabu mwaka ule watu wote walipokwenda, na hakurudi wala hakuleta neno. Mama Evarista hajavaa nguo ya msiba, wala haweki chakula chake tena. Anasema mume wake yuko mahali fulani, anatembea.

Ana mizinga saba ya nyuki. Akienda kurina asali haendi na moshi kama wengine. Anawaeleza nyuki habari za kijijini, nani amezaa, nani amegombana na nani, nao wanatulia kusikiliza.

Halafu ana jambo moja la ajabu. Hasalimii mpaka umwambie umeota nini. Ukisema hukuota kitu, anakuambia urudi ukalale. Juzi nilimwambia nimeota natembea juu ya maji ya Ziwa Masoko na viatu vya shule mkononi. Alifikiri sana. Kisha akasema, "Leo usimkemee mtoto yeyote." Sikumkemea yeyote, na ilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu nifike.

Kipindi hiki mto wetu ni mchanga mtupu. Yeye huenda kulala chali katikati yake jioni jua likipungua. Nilimuuliza anafanya nini. "Nasikiliza," akaniambia. "Maji hayajaondoka, mwalimu. Yamelala huku chini."

Shule inaendelea vizuri.

Mwanao,
Atuganile


Masoko, Tukuyu
29 Agosti 1954

Kwa mwanangu,

Barua yako imesomwa mara nne. Mara ya kwanza mimi na Jailos. Mara ya pili Yudith alikuja. Jumapili baada ya ibada wanawake walijaa uani kwangu mpaka wengine wakakaa juu ya kuni. Jailos sauti ilimkauka. Walipofika pale kwenye mto walinyamaza wote, hata wale wenye watoto mgongoni.

Sasa Yudith hawapi watoto wake uji mpaka waseme wameota nini. Mdogo anasema kila siku ameota uji.

Mimi huwa nafikiri habari za huyo mwanamke nikiwa shambani. Nasimama na jembe, najikuta nimesimama muda. Anakaa peke yake namna ile na hana uchungu moyoni. Baba yako alipofariki mimi nilikuwa na uchungu miaka mitatu. Ningependa kumjua.

Nimemsukia mkeka. Dereva Fanueli anapeleka mzigo Iringa, atauacha kwa mtu wa lori la Idodi. Rangi nyekundu ilinipa taabu. Mwambie umetoka kwa mama yako.

Wasichana kumi na wanane wako bado? Hukusema.

Mama yako,
Tusajigwe
Kwa mkono wa Jailos


Idodi, Iringa
6 Machi 1955

Mama,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Mkeka ulifika zamani. Ni mzuri sana.

Mama Evarista amefiwa. Alikuwa na mjukuu wa kike, Esta, wa miaka kumi. Sikuwahi kukuandikia habari zake. Alikuwa anakaa ng'ambo ya mto na anavuka kila asubuhi kuja shule. Hakukosa hata siku moja. Alikuwa anaandika herufi zake kubwa kubwa, neno moja linajaza kibao kizima, nikimwambia apunguze anacheka.

Jumanne ile huku kwetu jua lilikuwa linawaka. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, milimani, wala hatukuisikia. Mto ulikuwa mchanga tu. Esta alikuwa katikati, kibao kichwani. Maji yalikuja yamesimama kama ukuta, mama. Sikujua maji yanaweza kusimama.

Tulimpata saa nane mchana kwenye matete. Mkononi hakuwa na kitu.

Mama Evarista haulizi tena mtu ameota nini. Ukungu haujaonekana kwenye kilima chake tangu siku hiyo.

Nitaandika nikipata nguvu.

Atuganile


Masoko, Tukuyu
3 Aprili 1955

Kwa mwanangu Atuganile,

Tumelia. Jailos alishindwa kumaliza, akaendelea mwalimu wa Jumapili. Wanawake walikaa hapa kwangu siku mbili kama msiba ni wa mlango huu.

Sasa sikiliza. Mtu aliyemnywesha mwanangu maziwa mwaka mzima amefiwa, na mimi nikae hapa natia mbolea migomba? Haiwezekani. Ningeona haya mbele za watu. Nitakuja kumpa pole. Tunakuja wanne, mimi, Yudith na wengine wawili. Tunaondoka Mbeya Jumatatu tarehe pili Mei kwa basi. Uje utupokee Iringa. Nasuka mkeka mwingine, maana wa kwanza ulikuwa wa furaha.

Mwambie Mama Evarista asiandae kitu. Tutakuja na vyakula vyetu.

Mama yako,
Tusajigwe
Kwa mkono wa Jailos


Masoko, Tukuyu
3 Aprili 1955

Kwa Mwalimu Atuganile,

Baada ya salaam. Barua ya mama yako nimeiandika kama alivyosema, sikupunguza neno. Hii ni yangu mwenyewe na yeye haijui.

Mimi nilikuwa keya, askari wa Mwingereza, wakati wa vita. Kabla hatujapelekwa Bama kupigana na Wajapani tulikaa Iringa miezi minne, na mara mbili tulipelekwa Idodi kwa mazoezi. Nakumbuka vumbi lake, na jua, na tembo waliopita karibu na hema zetu. Ukungu sikuuona hata asubuhi moja. Ukungu unaouandika wewe ni huu wa kwetu, unaoshuka Rungwe na kulala juu ya ziwa.

Nililijua jambo hilo tangu barua ya kwanza. Nikasoma bila kusema, kwa sababu nilitaka kuisikia ya pili.

Lakini barua hii ya mwisho ni nyingine. Hati yako imetulia siku zote. Ulipofika kwenye kile kibao, kalamu imetoboa karatasi. Nimewaandikia askari wengi barua za vifo. Mtoto huyo naamini amekufa kweli. Nisichojua ni kama bibi yake aliishi.

Mama yako hazuiliki, unamfahamu. Kama Mama Evarista yupo, unisamehe uzee wangu. Kama hayupo, mwambie mama yako mwenyewe kabla hajapanda basi na wanawake watatu na mkeka.

Ni mimi,
Jailos


Idodi, Iringa
17 Aprili 1955

Mzee Jailos, nakuomba umsomee mama peke yake, mlango ukiwa umefungwa.

Mama yangu,

Mama Evarista hayupo. Hakuwahi kuwepo. Nimemtunga mimi.

Nyumba yangu ni ghala la zamani la pamba. Haina dirisha. Popo wanaingia na kutoka kama wenye nyumba. Wasichana walioandikishwa walikuwa tisa, wakaja wanne, wakabaki wawili. Mwalimu mkuu ni mtu mwema lakini anakaa na familia yake mbali. Miezi mitatu ya kwanza hakuna aliyenibishia hodi. Nilikuwa nikitoka darasani saa nane, nakaa kwenye kizingiti, natazama watu wanakuja kutoka mbali, wananipita.

Siku niliyokaa kukuandikia barua ya kwanza nilikusudia kusema kweli. Nikamkumbuka baba mdogo, nikakukumbuka wewe ulivyosimama katikati ya ukumbi siku ya yule mchumba ukasema, "Huyu atasoma." Nikaandika dirisha. Baada ya dirisha nilitaka mtu wa kuonekana humo, akaja yeye na kibuyu cha maziwa. Ulipouliza kama ni mnene au mwembamba, mama, nilimwona. Tangu siku hiyo nikitoka darasani sikukaa tena kizingitini. Nilikuwa na mtu.

Lakini Esta alikuwepo. Ni mmoja wa wale wawili. Si mjukuu wa mtu wa kutunga, ana mama yake na baba yake, Danieli. Danieli hakutaka aje wakati wa mvua. Nilikwenda kwake mara tatu kumsihi. Nilimwambia mbele ya watu, "Mtoto akikosa siku moja, anasahau ya siku kumi." Niliyasoma maneno hayo chuoni, nikayasema kama yangu. Danieli akakubali.

Walipomtoa majini hapakuwa na kitu cha kumlaza. Nilikimbia nyumbani, nikachukua mkeka wako uliokuwa umekunjwa chini ya kitanda. Alizikwa nao. Sikuwahi kuulalia, maana haukuwa wangu.

Nilitaka kukuandikia habari hii kama ilivyo, mkono ukakataa. Siku tano niliandika "Mama" nikaishia hapo. Nilipoandika jina la Mama Evarista mkono ukaenda. Nikampa yeye msiba wangu aubebe. Najua nimefanya vibaya. Mmelia huko kwa ajili ya mtu ambaye hayupo, nami hapa sijaweza kwenda kukaa na mama yake Esta hata siku moja. Napita njia ya nyuma.

Usije, mama. Hakuna wa kumpa pole.

Atuganile


Idodi, Iringa
22 Mei 1955

Kwa Mzee Jailos,

Salaam. Mama ameondoka jana kurudi huko, utamwona kabla ya barua hii. Nakuandikia kwa sababu yeye hatakueleza, na wewe unastahili kujua.

Alikuja peke yake. Alishuka kwenye lori na mkeka kichwani, vumbi mpaka kwenye nyusi, na hakunisalimu. Alisema, "Yuko wapi mama wa mtoto?"

Nikamwambia apumzike kwanza.

"Nimepumzika kwenye basi. Twende."

Tulivuka mto. Sasa maji yanafika kifundoni. Mama yake Esta alikuwa anapukuchua mahindi nje. Mama alikunjua mkeka, akakaa, akashika gunzi naye akaanza kupukuchua. Akampa pole kwa Kinyakyusa, "Ndaga, ndaga." Mama Esta akajibu Kihehe. Wakaendelea hivyo, huyu kwa lugha yake na yule kwa yake. Nilianza kutafsiri kwa Kiswahili, mama akaninyooshea mkono.

"Wewe nyamaza, mwalimu. Tunaelewana."

Siku ya kwanza ilikwisha hivyo. Siku ya pili walikwenda shamba pamoja. Danieli alipotuona alichukua shoka akaondoka, na mpaka leo hajasema nami. Simlaumu.

Siku ya tatu tulikuwa tumekaa watatu kivulini. Mama Esta akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili, polepole, "Siku ile, wewe ulimwambia aje?"

Nikasema, "Nilimwambia."

Vidole vyake vikachezea ukingo wa mkeka. Kisha akasema, "Mimi pia nilimwambia. Aliamka hataki. Alisema ana usingizi, ameota vibaya. Nikamwambia nenda, mwalimu atakungoja."

Mzee Jailos, nililia mpaka nikasikia kizunguzungu. Walinishika wote wawili, mmoja huku na mmoja huku, wala sikujua mkono upi ni wa mama yangu.

Mama alikaa siku kumi na tano. Alilala ghalani kwangu na popo. Jina la Mama Evarista hakulitaja hata mara moja. Kwa hiyo nimeelewa. Karatasi nilizokuwa nazo, za habari zake ambazo sikuwa nimezituma, nimezichoma. Kuanzia sasa nitaandika salaam na habari za afya.

Ahsante kwa yote.

Atuganile


Masoko, Tukuyu
19 Juni 1955

Kwa mwanangu Atuganile,

Nimefika. Jailos amenisomea ulichomwandikia, nimekasirika. Nani alikutuma uchome?

Wanawake walikuja kuuliza habari za Mama Evarista. Niliwaambia ukweli wote, nimesimama. Nikasema mwanamke hayupo, mtoto yupo kaburini, na mwanangu anakaa kwenye ghala. Andendekisye alikuwepo. Alifungua kinywa nikamtazama, akafunga.

Baadhi walikasirika, wakasema umetuchezea. Wawili hawajanisalimu mpaka leo. Yudith yeye alilia siku mbili kwa ajili ya Mama Evarista, kama alivyolia alipofiwa na dada yake. Siku ya tatu alikuja akasema, "Kama ni wa kutungwa, basi Atuganile amfufue huyo mjukuu. Anashindwa nini?"

Hapo nilikataa. Nikamwambia Esta ana mama yake, nimekula naye. Hatuwezi kumchukua mtoto wa mtu na kumrudisha kwa wino halafu mama yake yuko kule anapukuchua mahindi peke yake. Mama Evarista ni wako, mfanye upendavyo. Esta mwache kwa mama yake. Umenielewa?

Hukuniuliza kwa nini sikumtaja Mama Evarista nilipokuwa kwako. Kila asubuhi nilitoka nje kabla yako kutazama kile kilima. Hakuna hata kilima. Nilitazama hivyo hivyo. Niliona aibu kukuambia.

Jailos anasema aliyeweza kututoa machozi hapa kwa karatasi asiache. Mimi nasema hivi. Kuanzia sasa uwe unaandika karatasi mbili. Ya kwanza iwe ya kweli, hata ikiwa mbaya, hata ikiwa popo. Hiyo nitaisikia peke yangu na Jailos, mlango umefungwa. Ya pili iwe ya Mama Evarista, na uandike juu yake kwamba ni ya kutunga. Hiyo nitawaita watu.

Usizichanganye tena. Zikichanganyika sijui nikulilie wewe au nimlilie yeye.

Mama yako,
Tusajigwe
Kwa mkono wa Jailos


Idodi, Iringa
9 Oktoba 1955

KARATASI YA KWANZA, YA KWELI

Mama yangu,

Nina afya. Popo wamepungua, hawajaisha. Wasichana sasa ni watatu. Mdogo wake Esta amefikisha umri wa shule lakini hajaletwa, na mimi siendi kumwomba mtu. Jumamosi nakwenda ng'ambo kumsaidia Mama Esta shambani. Hatuzungumzi sana. Danieli aliniitikia salamu juzi, "Kamwene," akaendelea na njia yake. Kwenye mvua shule itafungwa siku ambazo mto hauaminiki. Mwalimu mkuu amekubali baada ya mimi kumsumbua wiki tatu.

Nilianza upya zile karatasi nilizochoma. Hazikurudi kama zilivyokuwa. Mama Evarista amebadilika, amekuwa mkali kidogo na anachoka mapema. Nadhani amechukua kitu kwako.

Nilimpelekea hadithi mbili Bwana Joachim, anayepiga chapa gazeti dogo huko Iringa mjini. Aliniita. Nilikwenda nimevaa gauni la kanisani. Alikuwa amezisoma. Akaniuliza, "Huyu mama anakaa upande gani wa Idodi? Nina ndugu kule, ningependa akamwone."

Nikamwambia, "Hayupo. Nimemtunga mimi."

Alinitazama. Nami nilimtazama, sikuinamisha uso, wala sikuona haya. Akasema atazipiga chapa zote mbili, na jina langu litakuwa chini yake, herufi kwa herufi.

Hayo ndiyo ya kweli, na yameisha. Mzee Jailos anaweza kufungua mlango. Karatasi ya pili imo humu ndani. Sasa waite watu.

Mwanao,
Atuganile